Ukingoja betri yabisi, jua unachongoja

Kwa kuwa wanaonizunguka wanajua kazi yangu ni kupasua seli za betri, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: ninunue gari la umeme sasa, au ningoje betri yabisi, ile ambayo kimiminika cha ndani kimebadilishwa na kitu kigumu? Anayeuliza huwa amekwisha kusoma kwamba betri hizo mpya zitajaa kwa dakika 10, zitakwenda kilomita elfu moja, na haziwezi kuwaka moto. Jibu langu ni lilelile: usingoje. Lakini jibu fupi namna hiyo halimtoshi mtu anayetaka kutoa fedha nyingi, kwa hiyo leo naliandika kwa urefu.

Nianze na ninachokiona kazini. Seli iliyovimba, au iliyopoteza uwezo mapema kuliko ilivyotarajiwa, huletwa kwetu tujue kilichoiua. Tunaiingiza kwenye kisanduku cha glavu kilichojazwa gesi ya agoni, kisicho na unyevu wala oksijeni, tunaifungua na kuikunjua taratibu. Ndani mna ukanda mrefu wa foili ya shaba uliopakwa grafaiti, ukanda wa foili ya alumini uliopakwa unga wa kathodi, yaani upande chanya, na katikati yao utando wa plastiki wa unene wa mikroni 20 hivi, umelowa elektrolaiti, kimiminika kinachopitisha ioni (atomi zenye chaji) kutoka upande mmoja hadi mwingine. Seli iliyoishiwa chaji, grafaiti yake ni nyeusi. Iliyojaa, grafaiti hugeuka rangi ya dhahabu, dhahabu hasa, kwa sababu kila atomi 6 za kaboni zimebeba atomi 1 ya lithiamu. Nimeiona rangi hiyo mara nyingi na bado naipenda.

Kinachonifanya nisogeze taa karibu ni madoa ya kijivu yanayong'aa juu ya ile dhahabu. Hayo ni lithiamu yenyewe, metali tupu. Ioni zilifika kwenye grafaiti kwa kasi kuliko grafaiti ilivyoweza kuzimeza, ama kwa sababu seli ilichajiwa kwa nguvu mno, ama kwa sababu ilichajiwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0, zikabaki kujilundika juu. Metali hiyo haitulii tambarare. Huota vijiti na miiba. Baadhi hukatika na kubaki humo bila kazi, na uwezo wa betri ukapungua kwa kiasi hicho. Mwiba mmoja ukifaulu kupenya utando na kugusa upande wa pili, seli inapiga shoti kwa ndani, joto linapanda, na elektrolaiti, ambayo ni kimiminika kinachowaka, inashika moto.

Nimeanza na madoa hayo kwa makusudi, maana betri yabisi inayoahidiwa kwa magari ni jaribio la kuichukua metali hiyohiyo tunayoiogopa na kuifanya kuwa anodi, yaani upande hasi, mahali pa ile grafaiti. Watu husikia "yabisi" wakadhani faida iko kwenye ule ugumu. Ugumu ni njia tu. Kinachotafutwa ni lithiamu tupu. Gramu moja ya grafaiti hubeba miliampea-saa 372. Gramu moja ya lithiamu hubeba 3,860, zaidi ya mara kumi. Kilomita elfu moja zinatoka hapo. Ukijenga betri yabisi kisha ukaiwekea grafaiti ileile ya zamani, hupati nafuu kubwa ya uzito. Huenda hata ikawa nzito zaidi, kwa kuwa kauri ni nzito kuliko kimiminika.

Na lithiamu tupu si wazo jipya. Stanley Whittingham aliitumia alipokuwa kampuni ya mafuta ya Exxon miaka ya 1970, katika betri za kwanza za lithiamu zilizochajika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Moli Energy ya Kanada iliuza seli za lithiamu tupu, zikatiwa kwenye simu za mkononi Japani, na mwaka 1989 simu zikaanza kuwaka moto. Seli zilirudishwa na kampuni ikaanguka. Miaka miwili baadaye, 1991, Sony ilitoa betri ya ioni za lithiamu tunayoijua leo: kathodi ya oksidi ya kobalti iliyotokana na kazi ya John Goodenough ya mwaka 1980, na anodi ya kaboni, wazo alilolikamilisha Akira Yoshino mwaka 1985. Kaboni ilikuwa mapatano. Tulikubali kubeba uzito zaidi ili lithiamu iwe na mahali pa kulala badala ya kuota miiba. Wote watatu, Whittingham, Goodenough na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na umri wa miaka 97. Nawaheshimu sana watu hawa, kwa sababu kila seli ninayoifungua ni kazi ya mikono yao.

Sasa tuje kwenye betri zinazouzwa leo, maana hapo ndipo mnunuzi ana uamuzi wa kweli wa kufanya. Karibu zote zina anodi ya grafaiti, mara nyingine ikichanganywa na silikoni kidogo. Zinatofautiana upande wa kathodi. Kuna familia ya nikeli, ambayo ni NMC ya nikeli, manganizi na kobalti, pamoja na ndugu yake NCA, yenye alumini badala ya manganizi. Na kuna LFP, fosfati ya chuma na lithiamu.

Familia ya nikeli inabeba nishati nyingi. Seli nzuri yenye nikeli nyingi hufikia wati-saa 250 hadi 300 kwa kilo, ilhali LFP huwa kwenye 160 hadi 200 hivi. Kwa mtu anayetazama jedwali tu, mjadala umekwisha. Lakini tazama ndani ya fuwele. Kathodi ya nikeli ni matabaka ya oksidi, na lithiamu hukaa kati ya tabaka na tabaka. Ukiichaji hadi juu, lithiamu nyingi imeondoka, matabaka yamebaki yakishikilia oksijeni kwa shida, na joto likipanda oksijeni hiyo huachiliwa. Moto unakuwa umepata kuni na hewa ndani ya chombo kimoja kilichofungwa, ndiyo sababu moto wa betri ya namna hii haukubali kuzimwa kwa kunyimwa hewa. Katika LFP, oksijeni imefungwa na fosforasi kwa vifungo vyenye nguvu, na haiachii kirahisi. LFP ikipata shoti inapasha joto, inatoa moshi na gesi, na gesi hiyo inaweza kuwaka, kwa hiyo si sahihi kusema haina hatari kabisa. Ila haijilishi oksijeni yenyewe, na kwangu hilo lina uzito mkubwa kuliko kilomita chache za ziada.

LFP ilichapishwa mwaka 1997 na kundi la Goodenough huko Chuo Kikuu cha Texas, na mwanzoni haikuonekana kuwa na maana kwa magari kwa sababu unga wake haupitishi umeme vizuri. Tiba ilikuwa kuusaga hadi chembe ndogo mno na kuzipaka kaboni. Kilichobaki ni uzito, na hapo wajenzi wa magari walifanya jambo la akili: wakaacha kuhangaika na seli, wakaipunguza pakiti. Betri ya zamani ilikuwa seli ndani ya moduli, moduli ndani ya boksi, na kila ganda lilikuwa na chuma chake, skrubu zake na nafasi yake tupu. Mwaka 2020 BYD, kampuni ya magari ya China, ilitoa Blade, seli ndefu bapa zinazopangwa moja kwa moja ndani ya pakiti bila moduli. Seli ya nikeli inayohitaji ulinzi mwingi dhidi ya joto haiwezi kubanwa hivyo kwa urahisi, kwa hiyo ukipima pakiti nzima badala ya seli moja, pengo linapungua. Oktoba 2021 Tesla ikatangaza kwamba magari yake yote ya masafa ya kawaida duniani yatahamia LFP.

LFP ina tabia moja inayowasumbua wenye magari, na ni vizuri uielewe kabla hujalalamika. Weka mita kwenye seli ya nikeli iliyopumzika: kwenye asilimia 80 utasoma karibu volti 4.0, kwenye asilimia 30 karibu volti 3.6. Kompyuta ya betri inajua iko wapi. Sasa weka mita ileile kwenye LFP. Kati ya asilimia 80 na 30, tofauti nzima haifiki sehemu moja ya kumi ya volti. Utazunguka kwenye 3.3 na kushuka kidogo tu. Kompyuta inabaki kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka, na makosa madogo ya hesabu hujikusanya siku hadi siku, mpaka skrini inasema asilimia 15 wakati ukweli ni 5. Ndiyo maana wenye magari ya LFP huambiwa wachaji hadi 100 mara kwa mara. Tesla husema angalau mara moja kwa wiki. Pale juu volti hupanda ghafla na kompyuta hupata alama ya kuanzia upya. Mwenye NMC huambiwa kinyume chake: siku za kawaida aishie 80 hivi, maana kukaa juu kwa muda mrefu kunaizeesha kathodi na elektrolaiti. Jirani wawili wanaweza kupewa mashauri yanayopingana, na wote wakawa wameshauriwa sawasawa.

Baridi ni udhaifu wa kweli wa LFP. Ikipoa sana hutoa nguvu kidogo na hukataa chaji ya haraka mpaka ipashwe joto. Anayeishi kwenye majira marefu ya baridi, au anayevuta mzigo mzito kila siku, au anayeendesha masafa marefu bila vituo njiani, nikeli bado inamfaa. Wengine wote nawaambia LFP bila kusitasita. Haina nikeli wala kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, karibu robo tatu, inachimbwa Kongo, mara nyingine katika hali isiyostahili binadamu. Hilo nalo limo katika hesabu yangu.

Tena nisisitize jambo ambalo meza yetu inalionyesha kila mara: kemia haichukui lawama zote. Mwaka 2021 General Motors iliyaita kurudi magari yote ya Chevrolet Bolt, zaidi ya 140,000, kwa hatari ya moto. Chanzo kilikuwa kasoro mbili za kiwandani zilizoweza kukutana ndani ya seli moja: ulimi wa anodi uliochanika na utando uliokunjamana. Mkunjo mmoja. Seli ya kemia tulivu iliyotengenezwa ovyo ni mbaya kuliko seli ya nikeli iliyotengenezwa kwa uangalifu.

Betri ya sodiamu, inayotumia sodiamu mahali pa lithiamu, nitaipitia kwa haraka, ingawa naiamini. CATL, kampuni ya betri ya China, ilitangaza kizazi cha kwanza mwaka 2021 kikiwa na wati-saa 160 kwa kilo, na mwaka 2025 ikaja na 175, ambayo tayari ni jirani wa LFP. Inavumilia baridi vizuri zaidi, na kwa kuwa sodiamu haishikamani na alumini, foili ya shaba haihitajiki; pande zote mbili hutumia alumini, ambayo ni nyepesi na rahisi. Kwa magari madogo na kuhifadhi umeme, hiyo ndiyo ninayoingoja mimi kwa hamu.

Turudi kwenye yabisi. Zimejaribiwa elektrolaiti za aina tatu kuu, na kila moja inalipa gharama mahali pake.

Polima, yaani aina ya plastiki, ndiyo ya kwanza kufika barabarani. Magari madogo ya Bluecar ya kundi la Bolloré, yaliyokuwa yakikodishwa Paris chini ya mpango wa Autolib kuanzia 2011 hadi 2018, yalikuwa na lithiamu tupu na polima. Kwa hiyo anayesema betri yabisi haijawahi kuendesha gari anakosea. Tatizo ni kwamba polima hiyo haipitishi ioni vya kutosha mpaka ipashwe kufikia nyuzi 60 hadi 80, na gari lililoegeshwa linapaswa kuendelea kutumia umeme kuitunza ikiwa na joto.

Oksidi, kama ile kauri ya lithiamu, lantanamu na zirkoniamu iliyotangazwa na kundi la Werner Weppner mwaka 2007, inavumiliana na lithiamu na haiwaki. Lakini ni kauri: huchomwa kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,000, na ukiitaka iwe nyembamba kama utando wa plastiki inakuwa rahisi kuvunjika. Salfaidi, misombo yenye salfa, ndiyo wanayoifuata Toyota na Samsung SDI. Mwaka 2011 kundi la Ryoji Kanno huko Japani lilionyesha salfaidi inayopitisha ioni sawa na elektrolaiti za kimiminika, na hapo hoja ya kwamba kitu kigumu hakiwezi kupitisha ioni kwa kasi ikafa. Ni laini, unaweza kuibana ikashikana bila kuichoma. Ila ikikutana na unyevu hutoa hidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu, na kiwanda chake lazima kiwe na hewa kavu kupita kiasi.

Kupitisha ioni, basi, si kikwazo tena. Kikwazo ni kugusana. Kimiminika hujipenyeza kila ufa na kulowesha kila chembe bila kuombwa. Vitu viwili vigumu vikiwekwa pamoja hugusana kwenye vilele tu, mithili ya tofali mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine bila udongo. Sasa fikiria anodi ambayo yenyewe inatoweka na kurudi. Gari linapoendeshwa, lithiamu inaondoka kwenye uso wa kauri na kuacha mashimo madogo. Unapochaji, umeme wote unalazimika kupita kwenye sehemu chache zilizobaki zikigusana, lithiamu inajilundika hapo kwa kasi, inasukuma, na kauri inapasuka. Kisha lithiamu inaufuata ufa.

Jambo hili lilipingana na matarajio. Mwaka 2005 Charles Monroe na John Newman walipiga hesabu iliyoonyesha kwamba kitu kigumu kuliko lithiamu kwa mara mbili hivi kingeizuia isiote miiba. Kauri ni ngumu kuliko lithiamu mara nyingi zaidi ya hapo, na bado lithiamu, metali laini unayoweza kuikata kwa kisu, inapita. Inapita kwa sababu uso halisi una mikwaruzo na vinyweleo, na ufa hauhitaji kuishinda kauri nzima, unahitaji ncha moja tu iliyo dhaifu. Kila ninapofikiria hilo nakumbuka yale madoa ya kijivu. Kizuizi kimebadilika, tabia ya lithiamu haijabadilika hata kidogo.

Dawa inayotumika maabara ni kubana. Seli inawekwa chini ya mgandamizo ili mashimo yazibwe yanapotokea, na matokeo mengi yanayovutia yalipatikana hivyo. Hebu piga hesabu. Mgandamizo wa megapaskali 5 ni kama kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba. Chukua seli ya gari yenye upana wa sentimita 10 na urefu wa 30. Eneo lake ni sentimita 300 za mraba. Umeshafika tani 15, na fremu ya kushikilia nguvu hiyo lazima ibebwe na gari, kwa miaka yote, huku seli zikinenepa kila zinapochajiwa na kukonda kila zinapotumika. Uzito uliookolewa na lithiamu unarudi kwa mlango wa nyuma ukiwa chuma.

Ahadi mbili nyingine nazo zinahitaji kupunguzwa. Ya moto: ni kweli kimiminika kinachowaka kimeondoka, na hilo ni jema. Lakini lithiamu huyeyuka kwenye nyuzi 180 tu, na kathodi ya nikeli bado inaachia oksijeni ikipata joto. Ya dakika 10: ukiwa na betri ya kilowati-saa 80 na unataka kuipandisha kutoka asilimia 10 hadi 80, unaingiza kilowati-saa 56. Kwa dakika 10 hizo ni kilowati 336 mfululizo, na nyaya, chaja na mfumo wa kupoza vyote lazima vihimili. Hakuna elektrolaiti itakayokupa umeme ambao kituo hakina.

Sisemi haya kwa kuwadharau wanaoifanya kazi hiyo. Natamani wafaulu, na wanasogea. Mwaka 2025 gari la majaribio la Mercedes-Benz lenye seli za lithiamu tupu za kampuni ya Factorial lilitoka Stuttgart hadi Malmö, kilomita 1,205, bila kuchaji njiani. Kabla ya hapo, Desemba 2023, bosi wa kampuni ya magari ya Nio ya China alitembea kilomita 1,044 kwa betri ya kilowati-saa 150, ingawa ile ilikuwa nusu yabisi, bado ina kimiminika ndani yake. Toyota mwaka 2017 ilizungumzia kuzitoa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2020. Oktoba 2023, ikishirikiana na kampuni ya mafuta ya Idemitsu, ikasema 2027 hadi 2028. Naamini magari machache ya bei kubwa yatatoka nazo kwanza, na gari la kawaida litafuata miaka mingi baadaye, kwa sababu anayetengeneza kauri lazima atengeneze maelfu ya mita zisizo na ufa hata mmoja. Wakati huo betri za kimiminika hazitakuwa zimesimama zikimngoja.

Kwa hiyo tangazo jipya la betri yabisi likitoka, na yatatoka mengi, ruka idadi ya kilomita. Tafuta seli iliyopimwa ilikuwa na ampea-saa ngapi na matabaka mangapi, maana seli ndogo ya maabara, ya ukubwa wa kitufe na yenye tabaka moja, si seli ya gari. Tafuta ilipimwa kwenye joto gani. Nyuzi 60 si joto la gari lililolala nje. Tafuta ilichajiwa kwa kasi gani katika mizunguko yote, si katika ule mmoja wa maonyesho. Na tafuta ilibanwa kwa megapaskali ngapi. Nikikuta namba hizo nne zimeandikwa wazi, nitaisoma ripoti hiyo hadi ukurasa wa mwisho.